Fahari ya Mwenyeji

Ni desturi ya watu wa kila nchi kusema kwamba nchi yao ni nzuri. Desturi hii haina lawama. Lakini mtu akiulizwa ni kitu gani katika uzuri huo kilichotoka mkononi mwake, mara nyingi hunyamaza, au hutaja mlima, ziwa, wanyama wa porini na mashujaa waliokufa zamani. Mlima hakuuinua yeye, ziwa hakulichimba yeye, na mashujaa hawakumwomba shauri. Basi yafaa kuuliza: Je, mtu aweza kuona fahari kwa jambo asilolitenda? Na kama hawezi, ni kazi gani, tena kazi ya namna gani, impayo haki ya kujivunia nchi yake? Swali hili ndilo nitakalolichungua katika insha hii, na nitalichungua kwa kutazama mahali pamoja padogo, maana nchi nzima ni kubwa mno kutazamwa kwa mara moja.

Mahali penyewe ni Kintinku, katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida. Msafiri atokaye Dodoma kwa reli ya kati hupita Bahi, kisha hufika Kintinku katika sakafu ya Bonde la Ufa, kabla reli haijaanza kupanda ukingo wa bonde kwenda Saranda na Manyoni. Ni sehemu ya Ugogo. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, kisha mbingu hufunga. Wakazi hulima mtama na uwele, na mpunga katika mbuga zishikazo maji. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika miezi ya masika maji huweza kuwa mengi hata kuharibu njia. Katika miezi ya kiangazi mwanamke huamka alfajiri kuyatafuta.

Nimechagua mahali hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mahali ambapo kitu kilichoharibika hujulikana mara. Bomba la maji likivunjika katika mji mkubwa, mwenye fedha hununua maji ya gari na kusahau. Likivunjika katika kijiji cha Ugogo mwezi wa Septemba, kila kaya hujua kabla jua halijatua. Ya pili, historia ya sehemu hizi ina karibu kila namna ya uhusiano uliopata kuwako kati ya mtu na serikali katika nchi yetu: kunyang'anywa, kuombwa, kupewa bure, kuamriwa, na sasa kuambiwa kwamba kitu ni chako.

Kabla ya historia, natutazame maneno. Kiswahili kina maneno matatu yatumikayo kwa mtu wa nchi, na sisi huyatumia kana kwamba maana yake ni moja. Neno la kwanza ni raia. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kundi lichungwalo. Hapo zamani raia walikuwa watu walio chini ya mtawala kama kondoo walivyo chini ya mchungaji. Neno la pili ni mwananchi, yaani mtoto wa nchi. Lilipata nguvu kubwa wakati wa kudai uhuru, na lina mapenzi ndani yake. Lakini mtoto, hata apendwe namna gani, hulishwa, na amri ya nyumba si yake. Neno la tatu ni mwenyeji, ambalo husemwa kuwa limetokana na mwenye mji. Hili ni neno la nyumbani. Mwenyeji hufagia uwanja wake bila kusimamiwa. Humkaribisha mgeni, na mgeni akiisha kuzoea humpa jembe, kama methali isemavyo. Akiona moshi mahali pasipo jiko, huuliza. Na hakuna amwambiaye kuwa moshi haumhusu.

Hoja yangu ni hii: nchi hutengenezwa na wenyeji, na mwenyeji hutambulikana kwa mambo mawili yasiyotengana, nayo ni kutenda na kuuliza. Atendaye bila ruhusa ya kuuliza ni kibarua, au ni mtumwa. Aulizaye bila kutenda ni mtazamaji tu, na wahenga walikwisha kusema kwamba fahari ya macho haifilisi duka. Mambo haya mawili yakikutana katika mtu mmoja ndipo apatikanapo mtu awezaye kusema "nchi yangu" bila kudanganya. Natuitazame sasa historia, tuone kama yakubali hoja hii.

Wazee wa Ugogo waliipa jina njaa kuu iliyoanza mwaka 1917. Waliiita Mtunya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalitwaa nafaka ghalani, ng'ombe zizini, na vijana wakawa wapagazi. Kisha mvua zikakosa. Wagogo walikuwa na mazoea ya ukame, na kwa miaka mingi walijua jinsi ya kuuvuka. Lakini mara hii akiba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na mikono ya kulima haikuwapo. Reli ilikuwa imekwisha kujengwa, kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hata Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita katikati ya nchi yao. Hata hivyo haikuwaokoa. Yakadiriwa kwamba katika Wagogo wapatao 150,000, watu kama 30,000 walikufa hata kufikia mwaka 1920.

Jambo la kuangaliwa katika msiba huu ni kwamba waliokufa hawakuwa wavivu. Walilima, walifuga na waliweka akiba. Walichokosa ni kauli juu ya kilicho chao. Mtu wa nje aliingia ghalani akapima na kuchukua, na mwenye ghala hakuwa na mahali pa kuuliza kwa nini, wala kiasi gani, wala kitarudi lini. Watu hawa walikuwa raia kwa maana ile ya kwanza kabisa ya neno. Basi mtu asemaye kwamba umaskini wa nchi watokana na uvivu wa watu wake, na kwamba dawa yake ni bidii peke yake, natazame Mtunya kwanza. Bidii ya asiye na kauli huweza kumshibisha mwingine.

Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wiki chache baadaye, Januari 1962, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili apate nafasi ya kuijenga TANU na kusema na watu. Wito wa siku zile ulikuwa Uhuru na Kazi. Katika sehemu nyingi za nchi watu walijitolea kujenga madarasa, zahanati, barabara na visima. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu yao, watu wengi walibeba mawe bila askari nyuma yao. Hapana shaka fahari waliyoiona ilikuwa ya kweli, kwa kuwa ilikuwa na mkono ndani yake.

Hata hivyo ilionekana upesi kwamba bidii ilitangulia mashauri. Palikuwa na madarasa yasiyo na walimu na zahanati zisizo na dawa, maana waliojenga na waliopanga fedha za serikali hawakukaa pamoja kwanza wakaulizana. Mtu aliyetoa siku zake 20 kujenga nyumba ambayo haikupata mganga hakosi upendo wa nchi. Hukosa hamu ya kuitikia wito wa pili. Hapa twapata somo: kujitolea ni akiba ya imani, na akiba hiyo hupungua kila itumiwapo vibaya.

Kisha ikaja miaka ya 1970, na ndani yake mambo mawili yaliyokwenda sambamba, moja la ukarimu na moja la amri. La ukarimu lilikuwa maji. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo mwaka 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa nia njema, na mtu wa Ugogo aliyazoea maili za kiangazi hakuweza kuisikia bila kufurahi. Serikali ilichimba, ilijenga, ilileta mashine na ilitoa maji bila malipo. La amri lilikuwa makazi. Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba hata mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia vijijini. Walioingia kwa hiari waliingia, na wasiotaka walihamishwa. Na katika sehemu nyingi nyumba za zamani zilibomolewa ili wenyewe wasirudi.

Ukarimu na amri huonekana kama vitu viwili vinavyopingana, lakini vilimfundisha mtu jambo moja. Aliyepewa maji bure na aliyehamishwa kwa nguvu wote wawili walijifunza kwamba shauri lilikuwa mahali pengine. Mashine ilipokwama kwa kukosa mafuta au kipuri, watu walingoja. Hawakungoja kwa ujinga. Walingoja kwa adabu, kama mgeni angojavyo mwenye nyumba, maana hakuna aliyewaambia kwa vitendo kwamba mashine ile ilikuwa yao. Mwaka 1991 ulifika, na lengo la maji halikufikiwa. Mitambo mingi iliyojengwa ilikuwa imekwisha kusimama.

Yafaa kuchungua jinsi kitu cha watu wote kinavyokufa, kwa sababu hakifi mara moja. Chukua mfano wa pampu ya mkono juu ya kisima. Ndani yake mna mpira mdogo uzuiao maji yasirudi chini. Mpira huu huisha kwa matumizi, na bei yake ni ndogo. Uanzapo kuisha, maji hupungua kidogo, na mtekaji hupiga mpini mara nyingi zaidi. Ili pampu ipone yatakiwa mambo manne: mtu wa kuona kasoro mapema, mtu wa kuisema mahali pake, fedha ndogo iliyowekwa, na fundi aliye karibu. Likikosekana moja katika manne, mpini hupigwa kwa nguvu hata chuma hulegea, na kilichotaka mpira sasa chataka pampu nzima. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Aristotle, katika kitabu chake juu ya siasa, aliwaonya watu wa zamani kwamba kitu kilicho cha watu wengi mno ndicho kipatacho uangalizi mdogo kabisa, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake ataangalia. Mtu aliyepata kupiga mpini wa pampu mbovu hahitaji kusoma Kiyunani ili akubali neno hilo.

Sera ya maji ya mwaka 2002 ilijaribu kuligeuza jambo hili. Ilisema kwamba watumiao maji vijijini washiriki katika kuchagua mradi, waumiliki, wauendeshe na wachangie gharama za matengenezo. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na ikaweka vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Huko Kintinku kuna mradi ujulikanao kwa jina la Kintinku–Lusilile, uliosubiriwa kwa miaka mingi, uliokusudiwa kuvihudumia vijiji 11. Mradi kama huu si pampu moja ya mkono. Una visima virefu, mitambo ya kusukuma, matangi, mabomba ya maili nyingi na vituo vya kuchotea. Kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa ndivyo mpira wake mdogo unavyojificha, na ndivyo hatari ile ya Aristotle inavyozidi.

Basi je, yatosha kumwambia mtu kuwa kitu ni chake? Haitoshi. Umiliki wa maneno ni mzigo uliofungwa kitambaa kizuri. Mtu huwa mwenye kitu pale awezapo kukijua, kukiamulia na kumwita msimamizi wake atoe hesabu. Sheria zetu, kwa hakika, zilikwisha kumpa nafasi hiyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa mkubwa kuliko mamlaka nyingine yoyote ya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, nao hutakiwa kukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hata 25, husimamia kazi kwa niaba yao. Hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Kisha katika ibara ya 27 yamtwika kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Haki na wajibu vimewekwa katika kitabu kimoja, kurasa chache kutoka moja hata nyingine. Sisi ndio tuvitenganishao.

Twavitenganisha kwa njia mbili. Kiongozi apendaye wajibu bila haki huwaita watu wachimbe mtaro, naye humwona mwuliza hesabu kuwa mkorofi, mpinzani wa maendeleo, mtu asiyeipenda nchi. Mwananchi apendaye haki bila wajibu hukaa kivulini akiilaumu serikali kwa takataka alizozitupa mwenyewe. Kila mmoja humtumia mwenzake kuwa udhuru. Kiongozi husema, watu hawa hawachangii, basi kwa nini niwasomee hesabu? Mwananchi husema, hesabu hazisomwi, basi kwa nini nichangie? Mduara huu waweza kuendelea miaka 50, na mtaro usichimbwe.

Jirani zetu wa Kenya wametupa fundisho katika jambo hili. Harambee, iliyofanywa wito wa taifa na Jomo Kenyatta mwaka 1963, ilijenga shule nyingi ambazo serikali peke yake isingeweza kuzijenga upesi. Baadaye mikutano ya harambee iligeuka kuwa jukwaa la wakubwa kuonyesha fedha zao, na watu wakaacha kuuliza fedha hizo zimetoka wapi na zataka nini. Ikabidi sheria ya mwaka 2003 juu ya maadili ya watumishi wa umma iwawekee mpaka watumishi hao katika kukusanya michango. Lililoharibika hapo halikuwa moyo wa kusaidiana. Kilichokuwa kimeondoka ni swali.

Sasa nakuja kwenye pingamizi lililo zito, wala sitaki kulipita pembeni. Mtu aweza kusema hivi: mwanamke wa Kintinku hulipa kodi kila anunuapo sabuni na sukari. Kwa nini achimbe mtaro wa bomba lake, na mtu wa mjini, aliye na fedha kuliko yeye, asichimbe wa kwake? Je, wito wa kujitolea si kodi ya pili iliyowekwa juu ya maskini, ikavikwa vazi la fahari?

Pingamizi hili ni la haki, na mara nyingi ni la kweli. Kwa hiyo yapasa kuweka masharti. Mchango uwe umekubaliwa katika mkutano na wale watakaoutoa. Wazee, wagonjwa na wasio na kitu wasamehewe bila kudhalilishwa. Hesabu isomwe mbele ya watu, shilingi kwa shilingi. Wala jasho la wanakijiji lisiwe sababu ya hazina kujipunguzia sehemu yake. Mchango usiotimiza masharti haya ni utozaji, na mwenye kuukataa hajaisaliti nchi yake.

Lakini tuseme pingamizi limeshinda kabisa. Tuseme serikali imelipa kila kitu, tangu jiwe la kwanza hata bomba la mwisho. Je, wajibu wa mwenyeji umekwisha? Haujakwisha, kwa sababu iko kazi moja isiyoweza kulipiwa na hazina yoyote, nayo ni uangalizi wa kila siku. Serikali yaweza kununua bomba. Haiwezi kununua jicho la jirani. Mambo ya elimu yalituonyesha jambo hili. Mwaka 2016 ada iliondolewa hata kidato cha nne, na lilikuwa jambo jema, maana watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni. Lakini wako wazazi walioelewa kwamba pamoja na ada, na shauri la shule pia limeondolewa mikononi mwao. Wakaacha kwenda kuuliza kama mwalimu yupo, kama mtoto ajua kusoma, kama paa lavuja. Kitu cha bure ndicho kitakacho macho zaidi, kwa kuwa mlipaji hayupo kukilalamikia.

Twaweza sasa kulirudia swali la fahari. Kwa mambo ambayo hatukuyatenda, kama milima na maziwa na ushujaa wa mababu, hisia ipasayo ni shukrani. Shukrani ni kitu kikubwa, nayo hutufundisha kutunza tulichopewa. Fahari ni kitu kingine. Fahari yataka kazi, tena yataka kazi ambayo mtu aliijua maana yake na aliruhusiwa kuihoji. Kwa sababu hiyo fahari ina ndugu yake asiyeachana naye, nayo ni aibu. Mwenyeji humwonea mgeni haya akimkuta uwanjani na takataka, hata kama takataka zilitupwa na mtoto wa jirani. Mtu ajivuniaye nchi yake katika mchezo wa mpira, lakini haoni haya zahanati yake ikikosa choo, bado hajaingia ndani ya nyumba. Yumo barazani pamoja na wageni.

Mfano wa karibu uko katika bonde lile lile. Reli mpya ya kisasa imejengwa kutoka Dar es Salaam kupita Dodoma na Bahi hata Makutupora, katika wilaya hiyo hiyo ya Manyoni. Mwaka 2024 abiria walianza kusafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na wengi wetu tuliifurahia safari hiyo na kuipiga picha. Mwaka ule ule habari za watu kuiba nyaya za reli hiyo zilitangazwa hadharani. Ni rahisi kusema kwamba wezi ni watu wabaya, tukaishia hapo. Lakini mwizi wa nyaya hupita mbele ya macho, na nyaya zake hununuliwa na mtu, na mnunuzi ana majirani. Ambaye angeibiwa mbuzi mmoja angepiga yowe kijiji kizima kiitike. Lakini nyaya za nchi huondoka kimya. Tofauti ni kwamba mbuzi ana mwenyewe moyoni mwa kila mtu, na nyaya hazina. Askari waweza kuongezwa, nao watakiwa. Hata hivyo reli ndefu kama ile haitapata askari kwa kila hatua. Italindwa na watu wakaao kando yake kwa kadiri waionavyo kuwa yao. Na wataiona kuwa yao kwa kadiri walivyolipwa haki ya mashamba yao ilipopita, walivyosikilizwa walipolalamika, na inavyosimama kuwachukua wao na mpunga wao. Hapa pia kutenda na kuuliza ni kitu kimoja.

Mwisho, nina neno kwa wanafunzi wasomao kurasa hizi, na kwa wenzangu tunaowafundisha. Wengi wetu tumetoka mahali kama Kintinku, na tukiisha kupata shahada huipenda nchi yetu kwa kuizungumza. Twaandika juu ya uzalendo kwa lugha safi. Lakini katika jambo hili msomi ana deni kubwa kuliko la mchimba mtaro, kwa sababu kipawa alichopewa ni kile hasa kinachokosekana pale mkutanoni: kusoma hesabu, kuifahamu sheria, kuuliza kwa adabu bila hofu, na kumfafanulia mwenzake. Hesabu ikibandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji au ya mtaa, wako watu ambao hawatajua kama imeandikwa kweli au uongo. Kuisimamia ikasomwa kwa sauti, kwa lugha ambayo bibi mwenye ndoo aielewa, ni kazi ya nchi sawa na kuchimba. Nayo haihitaji cheo. Sheria imempa nafasi kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mahali popote akaapo, kijijini au mtaani mjini.

Basi kila mmoja ajiulize mambo machache yasiyo makubwa. Mkutano wa mwisho wa mahali nikaapo ulikuwa lini, na nilikuwako? Ni kitu gani cha watu wote nikipitacho kila siku kikiwa kimeharibika, na nimemwambia nani? Nimechangia nini mwaka huu, na nimeuliza kimetumikaje? Mtu ambaye anaweza kuyajibu haya hana haja ya kufundishwa kuipenda nchi. Na katika siku za kiangazi, msichana atakayefungua bomba huko Kintinku hataulizia majina ya waliochanga wala ya waliouliza. Ataweka ndoo yake chini, na maji yatakuwako au hayatakuwako.